Somo la 9: Itaendelea

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Ezekieli 33:30–33, 2 Samweli 12:1–13, Mwanzo 29:15–35, Mwanzo 35:16–20, Mithali 7:6–23, Danieli 1:4, 17, Wafilipi 4:8.

Fungu la kukariri: Wafilipi 4:8.

Ni Ijumaa jioni. Ndoo zimejazwa maji, nguo zimepigwa pasi, chakula cha kesho kiko tayari. Zimebaki dakika chache jua lizame. Dada mmoja ameketi kitandani, simu mkononi. Katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa hadithi, sehemu ya 46 imetumwa sasa hivi. Msichana wa hadithi ameshika kitasa cha mlango, na nyuma ya mlango huo yupo ama mchumba wake ama muuaji. Sebuleni watoto wameanza wimbo wa kufungua Sabato. Dada huyu anaipenda Sabato, tena ni mara chache sana kumkosa darasani. Lakini anaisoma sehemu ile upesi upesi hadi mwisho, na mwishoni anakuta neno moja: “Itaendelea.” Anakwenda sebuleni, anapiga magoti pamoja na wenzake, na mumewe anapoomba, yeye bado yuko pale mlangoni.

Hadithi ile haina matusi wala mambo machafu. Kama ingekuwa chafu, somo la juma hili lingekuwa fupi, kwa maana sote tunajua la kufanya na uchafu. Ugumu uko kwa riwaya za mapenzi, za upelelezi na za kusisimua ambazo tunazisoma kwa kujifurahisha, na ambazo hatuoni ubaya wake. Kwa hiyo juma hili hatutauliza tu kilichomo ndani ya kitabu. Tutauliza pia: kitabu hiki kinafanya nini ndani yangu nikishakifunga?

JUMAPILI: Miti Iliyotafuta Mfalme

Soma Waamuzi 9:7–15. Yothamu alitumia njia gani kuwaonya watu wa Shekemu?

Miti haisemi wala haitafuti mfalme, na kila aliyemsikia Yothamu alilijua hilo. Baadhi yetu tulifundishwa kwamba hadithi ya kubuni ni uongo, na uongo ni dhambi, basi mjadala umekwisha. Hoja hiyo haiwezi kusimama mbele ya Yothamu, wala mbele ya Bwana wetu aliyefundisha kwa mifano. Danieli na wenzake walisomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo, watu wenye miungu mingi, na Maandiko yanasema ni Mungu aliyewapa maarifa (Dan. 1:17). Paulo alipohubiri Athene aliwatajia Wayunani maneno ya washairi wao wenyewe (Mdo 17:28). Hakuyapata maneno hayo katika Torati.

Hata hamu inayomvuta msomaji si mbaya kwa asili yake. Muhammed Said Abdulla alipowapa wasomaji wa Kiswahili mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, aligusa kitu kilichomo ndani yetu sote: tunataka lililofichwa lijulikane na mwenye hatia aonekane. Mhubiri 12:14 linaahidi jambo hilo hilo. Soma pia Esta 5:14 hadi 6:11. Mti wa kumtundika Mordekai umekwisha kusimamishwa, na usiku huo huo mfalme anakosa usingizi. Nani anaweza kufunga Biblia hapo?

JUMATATU: Kama Nathani Angeishia Fungu la Sita

Soma 2 Samweli 12:1–13. Daudi alijisikiaje aliposikia habari za mwana-kondoo? Je, alikuwa amejisikia hivyo juu ya Uria?

Daudi alikuwa amezini na kuua. Miezi ilikuwa imepita, mtoto amekwisha kuzaliwa, na hatusomi kwamba alikosa usingizi hata usiku mmoja. Ndipo akaja nabii na hadithi: tajiri, maskini, na mwana-kondoo mmoja aliyekuwa akilala kifuani mwa bwana wake. Hasira ya mfalme ikawaka. Hasira hiyo ilikuwa ya kweli, hakuigiza. Moyo uliokuwa kimya juu ya askari wake mwaminifu uliguswa na mnyama ambaye hata hakuwapo.

Sasa tufikiri. Tuseme Nathani angeishia kwenye fungu la sita, akachukua fimbo yake, akarudi nyumbani. Bila shaka Daudi angelala vizuri sana usiku ule. Angejiona mfalme mwenye haki na huruma kwa maskini, na hasira yake ingekuwa ushahidi wa wema wake. Hadithi ingekuwa burudani, tena dawa ya kutuliza dhamiri. Fungu la saba ndilo lililomnyang'anya burudani hiyo, maana hapo nabii alimwonyesha kwamba mtu wa kwenye hadithi ni yeye.

Soma Ezekieli 33:30–33. Kwa nini Mungu hakufurahishwa na watu waliokuja kumsikiliza nabii wake kwa hamu?

Watu hawa waliketi mbele ya Ezekieli kama wanaomsikiliza mwimbaji mwenye sauti nzuri na mpigaji hodari wa kinanda. Hawakuchoka wala hawakusinzia. Walisikia, wakafurahi, wakaenda zao, wasitende.

Hapa ndipo riwaya ya kujifurahisha inapotupata. Inachukua machozi yetu, hofu yetu, hasira yetu na huruma yetu, kisha haitudai kitu. Tunamlilia yatima wa ukurasa wa 90, halafu tunainuka na kumfokea msichana wa kazi, ambaye naye hana mama. Hatusemi riwaya ndiyo iliyotufanya wakali. Tunasema moyo umekwisha kujilipa: umelia, umejiona una huruma, na aliye mbele yetu hapati chochote. Yohana aliuliza swali kali juu ya mtu amwonaye ndugu yake ana uhitaji na kumzuilia huruma (1 Yoh. 3:17, 18).

Tukiri pia, hata kama inatuuma, kwamba hubiri linaweza kusikilizwa kama riwaya. Hata lesoni hii inaweza kujadiliwa hivyo. Ndugu anayekuja darasani kwa sababu ya utamu wa mabishano ameketi safu moja na wasikilizaji wa Ezekieli.

Lini mara ya mwisho hadithi yoyote, ya Biblia au ya kitabu kingine, ilikufanya uinuke na kwenda kumfanyia mtu jambo?

JUMANNE: Baada ya Harusi

Soma Mwanzo 29:15–35, 30:1, 2, 35:16–20, 48:7. Kama ungekuwa mwandishi wa riwaya ya mapenzi, ungeimaliza wapi hadithi ya Yakobo na Raheli?

Miaka saba ya kazi ilikuwa machoni pa Yakobo kama siku chache, kwa jinsi alivyompenda Raheli. Mwandishi wa riwaya angetafuta tu namna ya kufika kwenye harusi, kisha aandike “Mwisho”. Musa aliendelea. Kulipokucha, kumbe ni Lea! Tunakaa na mwanamke asiyependwa, anayewapa wanawe majina yanayobeba maumivu yake. Tunamsikia Raheli mrembo akimlaumu mumewe kwa kukosa watoto, na yule mume aliyemfanyia kazi miaka saba akimjibu kwa hasira. Kisha ile njia ya kwenda Efrata, uzazi mgumu, na nguzo juu ya kaburi. Miaka mingi baadaye, huko Misri, Yakobo ni mzee na macho yamepoteza nuru. Anazungumza na Yusufu juu ya mambo mengine kabisa, na ghafla anakumbuka mahali alipomzika mama yake, kando ya njia. Huo nao ni upendo, na riwaya nyingi za mapenzi hazifiki huko, kwa sababu zimekoma harusini.

Mtu aliyesoma riwaya 40 za namna hiyo amehudhuria posa 40 na hajaona hata mwezi mmoja wa kutafuta kodi ya nyumba. Kisha mlango unafunguliwa, anaingia mume mwenye matope miguuni, amechoka, anauliza kama kuna maji ya kuoga. Hakuna mume wa kweli awezaye kushindana na mwanamume wa kwenye kitabu, ambaye haugui malaria wala haishiwi fedha, na ambaye kila neno lake mtu ameketi mezani akalipamba. Ndugu wanaocheka hapa wakumbuke riwaya za kijasusi walizopitishiana shuleni, ambazo mara nyingi mwanamke humo ni pambo tu la shujaa. Nao kuna mtu waliyemlinganisha na pambo hilo.

Wimbo Ulio Bora unarudia agizo moja mara tatu (2:7, 3:5, 8:4), kwamba mapenzi yasiamshwe kabla ya wakati wake. Riwaya ya mapenzi imetengenezwa ili iyaamshe. Wazazi wenye binti wa miaka 14 wanaelewa uzito wa jambo hili. Lakini soma Mithali 7:6–23 uone kwamba Biblia haikwepi habari zenyewe. Baba anamsimulia mwanawe kila kitu: dirisha, giza la jioni, manukato, maneno laini ya mwanamke. Anasimulia vizuri mno, ila hamwachi kijana chumbani. Anampeleka hadi machinjioni.

JUMATANO: Biashara ya Zamani

Ellen G. White alionya sana juu ya usomaji wa riwaya. Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, hakuishia kwenye hadithi chafu. Alisema hata hadithi za kubuni zisizo na uchafu, na zenye nia ya kufundisha mema, zina madhara, na akatoa sababu: zinamzoeza msomaji kusoma mbiombio na juu juu, kwa ajili ya kisa tu, mpaka akili inapoteza nguvu ya kufikiri kwa mfuatano. Mahali pengine alilifananisha jambo hili na ulevi.

Wapo wanaosema hayo yalikuwa ya wakati wake. Basi tuuangalie wakati wake. Mwaka 1836 Charles Dickens alianza kutoa riwaya yake ya kwanza nchini Uingereza kwa sehemu, moja kila mwezi. Magazeti ya Marekani nayo yalijaa hadithi za mfululizo, na mwandishi hodari alijua mahali pa kukata ili msomaji anunue toleo linalofuata. Magazeti yetu ya Kiswahili yamefanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, na leo sehemu ya 47 inatumwa kwa aliyekwisha kulipa kwa simu. Chombo kimebadilika lakini biashara ni ile ile. Aliyewahi kufungua Warumi baada ya saa tatu za hadithi ya kusisimua anajua kama onyo hili limepitwa na wakati. Hata Kesha la Asubuhi, ukurasa mmoja, linaonekana refu.

Hata hivyo, mtumishi huyo huyo wa Mungu alikisifu kitabu cha John Bunyan kuhusu msafiri aendaye mji wa mbinguni, kilichotoka mwaka 1678, ingawa msafiri huyo ni wa kubuni. Tunayaunganishaje haya? Hatudhani kwamba kanisa litasaidiwa na orodha ya vitabu halali na haramu. Orodha kama hiyo ingechakaa kabla wino haujakauka. Wala si haki kulilegeza onyo lenyewe ili litutoshe. Lakini sababu yake inatusaidia. Kitabu cha Bunyan hakisomeki mbiombio, kwa kuwa kila hatua ya msafiri inamuuliza msomaji, wewe uko wapi njiani?

ALHAMISI: Akili Ipewe Kazi

Soma Wafilipi 4:8 pamoja na 1 Wakorintho 6:12. Paulo anakataza nini, na anaagiza nini?

Paulo anaipa akili kazi ya kufanya. Shetani hutumia vizuri chumba kilichofagiwa kikaachwa kitupu (Mt. 12:43–45). Basi anayepunguza riwaya aweke kitu mahali pake. Kitabu cha Ruthu chote husomeka kwa sauti chini ya nusu saa; kina mapenzi, lakini kina pia mavuno, njaa, mama mkwe, na wazee langoni wakiamua habari za shamba.

Mwanafunzi anayesoma riwaya kwa ajili ya mtihani wa fasihi asihukumiwe. Anafanya kazi yake. Na mzazi anayekuta kitabu chini ya godoro asikimbilie kiberiti. Amwambie mtoto amsimulie kisa. Atajifunza mengi juu ya mtoto wake.

Dada yetu wa Ijumaa alimpa mumewe simu aikae nayo hadi Sabato ipite. Mume akauliza kuna nini humo. Aliona haya, kisha akamsimulia hadithi yote, sehemu ya kwanza hadi ya 46. Walizungumza mpaka usiku, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa miezi mingi. Bado hajajiondoa katika kundi lile. Anaomba juu yake.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma kitabu chote cha Ruthu kwa kikao kimoja, ikiwezekana pamoja na jamaa yako.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki anasema, “Riwaya hunipumzisha baada ya kazi nzito, na silali bila maombi.” Darasa litamjibuje bila kumhukumu, na bila kumdanganya?

2. Waathene walitumia nafasi yao yote kusikia habari mpya (Mdo 17:21). Ni kwa namna gani tamthilia, mechi za mpira na habari za mitandaoni zinafanya kazi ile ile ya riwaya? Kwa nini huwa rahisi kwetu kuonya juu ya kile ambacho sisi wenyewe hatukipendi?

3. Kama Nathani angekuja nyumbani kwako juma hili, angekusimulia hadithi gani?