Kasuku mgeni atengwe kwanza

SWALI: Daktari, nina kuku wa kienyeji na njiwa. Shemeji anahama mkoa, ameniachia kasuku wake. Naweza kumweka banda moja na ndege wangu? Mama anasema kasuku huleta maradhi ya kifua. Ni kweli?
Msomaji, Usevya, Katavi

JIBU: Mama yako hajakosea, na usimchanganye kasuku huyo na wenzake kwa sasa.

Kasuku anaweza kubeba virusi vya kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, bila kuonekana mgonjwa. Mwaka 1971 huko California, Marekani, kasuku walioingizwa kutoka nje walihusishwa na mlipuko wa kideri uliofanya kuku karibu milioni 12 wauawe.

Mtenge siku 30 hadi 45 kwenye tundu lake, mbali na banda. Lisha kuku na njiwa kwanza, kasuku awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni. Vyombo vya maji na chakula wasichangie. Ukiona amejikunyata, manyoya yamesimama, anaharisha au anatoa makamasi, mwite afisa mifugo. Yeye pia atakuelekeza kuhusu chanjo ya kideri ya I-2 kwa kuku: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

Hata akimaliza muda huo akiwa mzima, asilale bandani. Jogoo atamdonoa, naye mdomo wake unaweza kukata vidole vya njiwa. Aishi tunduni mwake, mbali na moshi wa jikoni, wala asipewe parachichi, kwani ni sumu kwake. Mwombe shemeji hati za ndege huyo pia. Kukamata kasuku wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009.

Kuhusu kifua, ipo homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria waitwao Chlamydia psittaci. Njiwa nao huwabeba. Mtu huambukizwa akivuta vumbi la kinyesi kilichokauka, hivyo lowesha kinyesi kwa maji kabla ya kufagia, na ufunike pua na mdomo. Dalili ni homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka na kikohozi kikavu, mara nyingi siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Dawa yake ipo, doxycycline, lakini huandikwa na daktari.

Huku kwetu kila homa hudhaniwa malaria. Ukipatwa na homa, pima malaria, na umwambie mganga wa zahanati kwamba nyumbani unafuga kasuku na njiwa. Asipojua hilo, ni rahisi ugonjwa huu kumpita.