Hesabu ya Mchezaji Aliyeuzwa

Wasomaji wenzetu, jioni tukikaa kijiweni tunajua sana kusema: Simba imsajili huyu, Yanga imwache yule, viongozi hawafai. Je, daftari la timu yetu wenyewe liko wapi? Nani analo?

Sheria ya FIFA iko hivi. Mchezaji akinunuliwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia. Kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu ya asilimia.

Tupige hesabu. Kijana ameuzwa shilingi milioni 400. Alilelewa na klabu fulani akiwa na miaka 14 na 15. Robo asilimia ni milioni 1. Miaka miwili, milioni 2. Mipira mingapi hiyo, jamani! Na nyavu za goli juu.

Lakini hulipwi kwa kusema tu, "Huyu tulimlea sisi." Klabu iwe imeandikishwa kwenye chama cha mpira, na kijana naye aandikishwe: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoingia, siku aliyotoka. Sisi tuliandika majina kwenye karatasi ya michango, mvua ikainyeshea. Katibu akabaki na jezi.

Zoezi: Kijana ameuzwa milioni 600. Klabu ilimlea akiwa na miaka 15, 16 na 17. Itapata kiasi gani? (Jibu: milioni 7 na nusu.)