SUFU YA KIOO: TUIJUE KABLA YA KUIBEBA



Somo la toleo hili ni juu ya sufu ya kioo. Hii ndiyo ile pamba ya rangi ya manjano au ya waridi inayoletwa imeviringishwa kama godoro, ambayo mafundi huitandaza juu ya dari ili joto la bati lisishuke ndani ya nyumba. Wenzetu wa Dzaleka wanaoshuka Lilongwe kutafuta ganyu wamekwisha kuibeba mabegani katika majengo ya Area 47, na wengine wamerudi nyumbani wakijikuna mpaka usiku bila kujua ni nini kimewapata. Maswali tuliyoletewa ni mawili. Wengine wanauliza: je, hiki si kile kitu cha hatari kiitwacho asbesto? Wengine, hasa mafundi wanaotumwa dukani, wanauliza: katika aina zote zilizopo, ipi ya kununua? Tutayajibu yote mawili pamoja, maana anayejua kitu kinafanyaje kazi hujua pia namna ya kukichagua na namna ya kujikinga nacho.

Sufu hii ni kioo kweli. Kiwandani huchukuliwa mchanga, chokaa, magadi na vipande vya chupa zilizovunjika, vikayeyushwa katika tanuru yenye joto la nyuzi 1,400 hivi. (Magadi yanayochotwa Ziwa Magadi, Kenya, huuzwa kwa viwanda vya vioo, kwa hiyo kazi hii inaanzia kwa wafanyakazi wenzetu wa huko.) Uji huo wa kioo humiminwa katika chombo chenye matundu madogo kinachozunguka kwa kasi sana, ukarushwa nje kwa nyuzi nyembamba. Unywele mmoja wa mtu unaweza kuwa mnene kuliko uzi huo mara kumi. Kisha nyuzi hunyunyiziwa gundi na kupitishwa katika joto ili zishikamane. Kazi hiyo ilianza kufanywa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1930, na leo inafanywa katika nchi nyingi.

Sasa jambo la msingi. Kioo chenyewe hakizuii joto sana. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, ikatulia isiweze kutembea. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kusoma popote: nyumba iliyoezekwa kwa nyasi nene huwa baridi mchana na yenye uvuguvugu usiku, kwa sababu nyasi zimeshika hewa. Mto wa sufi nao ni hivyo hivyo. Bati halina hewa ndani yake. Mwezi wa Oktoba bati lililochakaa, likipigwa na jua la saa saba, laweza kufika nyuzi 60, na joto hilo lote hummwagikia aliye chini.

Viwanda hupima jinsi joto linavyopenya katika kila kitu na kuandika namba yake. Kwenye karatasi ya mzigo mtaiona karibu na alama ya Kigiriki inayofanana na herufi y iliyopinduliwa. Namba ikiwa ndogo, joto linapenya kidogo. Hewa iliyotulia ina namba 0.025 hivi. Sufu ya kioo huwa kati ya 0.032 na 0.044. Ubao mkavu ni kama 0.13, tofali la kuchoma ni kama 0.7, kioo kitupu ni kama 1, na chuma ni 50. Maana yake ni kwamba sentimita 5 za sufu ya kioo nzuri huzuia joto sawa na ubao wenye unene wa sentimita 16, au ukuta wa tofali wa zaidi ya sentimita 80. Hakuna fundi atakayejenga ukuta wa namna hiyo juu ya dari.

Hapa ndipo wengi hudanganywa dukani. Muuzaji husema, "Chukua hii, ni nene zaidi." Unene peke yake hautoshi. Chukua unene kwa mita, ugawanye kwa ile namba. Jibu ndilo nguvu ya kuzuia joto, nalo huandikwa kwa herufi R. Kipande cha milimita 75 chenye namba 0.044 kinatoa 1.70. Kipande cha milimita 60 chenye namba 0.035 kinatoa 1.71. Vinafanya kazi ileile, ingawa kimoja ni kinene kuliko kingine. Kwa hiyo linganisha bei ukitazama R, wala usitazame unene wala rangi. Rangi ni ya kiwanda tu na haina maana yoyote katika kazi. Mzigo usioandikwa R wala ile namba tunashauri uachwe hapo hapo dukani.

Kwa kuwa kazi yote ni ya hewa, kila kinachoiondoa hewa kinaharibu sufu. Tumewaona vijana wakiambiwa na mnyapara washindilie sufu ya milimita 100 katika nafasi ya milimita 50 ili "iwe imara". Sufu hiyo imepoteza karibu nusu ya nguvu yake, na mwenye nyumba amelipa fedha ya bure. Itandazwe ijivimbishe yenyewe, ijaze nafasi kati ya mbao moja na nyingine bila kuacha pengo. Pengo dogo kila mahali hupitisha joto jingi kuliko mtu anavyodhani.

Maji ni adui mbaya zaidi. Maji hupitisha joto mara 24 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo sufu iliyolowa ni mzigo tu juu ya dari, tena mzigo unaoozesha mbao. Katika Lilongwe mvua si hatari pekee. Usiku wa Juni na Julai, joto linaposhuka chini ya nyuzi 10, pumzi za watu na mvuke wa chungu hupanda juu, hukutana na bati baridi na kugeuka matone. Kila aliyelala chini ya bati bila dari amedondokewa na matone hayo alfajiri. Sufu isiguse bati. Pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na hewa ya nje ipite hapo kutoka kwenye upenu. Tena tundu la msumari linalovuja lizibwe kwanza, sufu ije baadaye.

Ziko sufu zilizobandikwa karatasi ya alumini upande mmoja. Karatasi hiyo ni nzuri chini ya bati, kwa sababu inarudisha ule mng'ao wa joto unaotoka kwenye bati. Lakini inafanya kazi hiyo ikiwa tu ina nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa kati ya vitu viwili haina faida. Vumbi likiifunika kwa miaka mingi, nguvu yake hupungua pia.

Wenzetu wa mashamba ya tumbaku na chai nao wametuuliza. Bani la kukaushia tumbaku kwa mabomba ya moto hufikishwa nyuzi 70 hivi mwishoni, wakati vikonyo vinapokaushwa. Joto hilo sufu ya kioo inalistahimili bila shida, na bani ambalo paa lake limezuiwa joto hula kuni chache. Anayekata na kubeba kuni hizo anaelewa tunasema nini. Hata hivyo sufu isiwekwe ikagusa bomba lenyewe la moto. Gundi iliyomo huanza kuungua joto likipita nyuzi 200 na kidogo; hutoa moshi unaowasha macho na koo, kisha sufu hulegea na kuanguka. Mahali pa moto mkali, kama bomba la moshi la boila katika viwanda vya chai vya Thyolo na Mulanje, panahitaji sufu ya mwamba, ambayo hutengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa na hustahimili joto la juu zaidi. Fundi akikuambia zote ni sawa, muulize karatasi ya mzigo inasema mwisho ni nyuzi ngapi. Kuhusu moto wa ajali, nyuzi za kioo haziwaki. Kinachoweza kuwaka ni karatasi iliyobandikwa.

Iko sufu nyepesi, kilo 10 hadi 16 kwa mita moja ya ujazo, nayo yatosha juu ya dari. Ile nzito inayosimama kama ubao ni ya kuta na ya kupunguza kelele za mashine. Ukiweka ile nyepesi ukutani, baada ya muda itateremka na kuacha sehemu ya juu tupu.

Tuje sasa kwenye swali la asbesto, ambalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Asbesto ni jiwe linalochimbwa. Wazee wengi wa Malawi waliokwenda Rhodesia kutafuta kazi waliingia katika migodi yake kule Shabani. Ilitumika kuvalisha mabomba ya mvuke na kutengeneza yale mabati ya simenti ambayo wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wanayakumbuka juu ya shule na hospitali za wakoloni. Uzi wa asbesto hupasuka kwa urefu na kuwa nyuzi nyembamba zaidi na zaidi, huingia ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo miaka na miaka. Saratani yake yaweza kuonekana baada ya miaka 20, 30 hata 40, wakati ambapo mtu amekwisha kuacha kazi na mwajiri hakumbukwi tena. Sufu ya kioo ni kitu kingine. Uzi wake hukatika kwa upana, ukawa mfupi, na ukiingia mapafuni huyeyuka polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 1988 katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Mwaka 2001, baada ya kupitia ushahidi mpya, liliitoa sufu ya kioo ya majengo katika kundi hilo na kuiweka kati ya vitu ambavyo havina ushahidi wa kutosha. Asbesto ya kila aina imebaki katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ni hakika vinaleta saratani.

Kwa nini tunasisitiza tofauti hii? Kwa sababu kosa la kuzichanganya linaua upande mmoja. Anayeiogopa sufu ya kioo kama asbesto anapoteza siku ya kazi. Anayedhani asbesto ni sufu ya kioo anapoteza mapafu. Mkandarasi anayekarabati jengo la zamani humwambia kibarua, "Ng'oa hiyo pamba kwenye bomba." Sufu ya kioo humeta, ina rangi, na ukiibonyeza hurudi juu kama sponji. Kitu cha kijivu au cheupe kilichokauka kama plasta juu ya bomba kuukuu, kilichovalishwa kitambaa na rangi, ambacho hutoa unga kikiguswa, kinatia shaka. Jicho peke yake haliwezi kuhakikisha. Inahitajika hadubini ya maabara. Mpaka ipimwe, ichukuliwe kuwa ni asbesto: kazi isimame, isivunjwe, isifagiliwe ikiwa kavu, na mwakilishi wa chama aitwe.

Kusema kwamba sufu ya kioo si asbesto hakuna maana ya kusema haidhuru. Nyuzi zake nene huchoma ngozi, hukwaruza macho na kukereketa koo, na dari katika jua la Oktoba ni tanuru isiyo na hewa. Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo maalumu juu ya sufu hizi. Anayeitandaza avae shati la mikono mirefu lililo pana, glavu, miwani ya kazi na barakoa inayozuia vumbi. Leso iliyofungwa puani haitoshi. Ikatwe kwa kisu kikali, si kwa msumeno. Kazi ya darini ifanywe asubuhi mapema.

Sheria ya Malawi ya mwaka 1997 juu ya usalama, afya na hali njema kazini inamtaka mwajiri awalinde watu anaowafanyisha kazi. Tunajua jibu la wakandarasi wengine: huyu ni mkimbizi wa Dzaleka, hana kibali, ni ganyu ya siku moja. Tunajua pia kwamba ndugu zetu huogopa kudai glavu wasije wakafukuzwa, na ya kazi na ya kambi yote yakaharibika. Kwa hiyo asidai mmoja peke yake. Wanachama wenye mikataba katika jengo hilo ndio waseme kwanza, kwa niaba ya wote waliopo, maana vumbi haliulizi kibali.

La mwisho ni vipande vinavyobaki. Tumesikia wapo wanaovichukua na kujazia magodoro ya watoto. Hapana, ndugu. Kila mtoto anapojigeuza, nyuzi hutoka na kumwingia machoni na ngozini. Kipande kilichobaki kina kazi nzuri nyumbani: kitandazwe juu, chini ya bati bila kuligusa, na chini yake pawekwe dari ya mbao au ya nailoni nzito iliyopigiliwa pembe zote, isiachie unyuzi kushuka. Nailoni isiwe juu ya jiko, kwa sababu inashika moto. Nguo za kazi zikung'utwe nje, zifuliwe peke yake, na beseni lisuuzwe kabla ya kutiwa nguo za wengine. Mwili uoshwe kwanza kwa maji ya baridi yanayotiririka, bila kusugua, kisha ndipo sabuni.