Kifaa cha Kunusa Gesi Hufungwa Chini

Gesi ya kupikia hutiwa harufu ili ikivuja tuinuse. Lakini mwenye mafua, au aliyelala fofofo, hawezi kutegemea pua yake. Ndipo kifaa cha kutambua gesi kinapofaa, mradi kifungwe mahali pake.

Wengi hukifunga karibu na dari. Hilo ni kosa. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutambaa sakafuni. Ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hivyo kifunge ukutani, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye meko, mbali na mlango, dirisha na mvuke.

Kila wiki bonyeza kitufe cha kukijaribu. Kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, wala usipulize dawa ya wadudu karibu nacho. Muda wake ukiisha, aghalabu miaka 5 hivi, nunua kingine.

Kikilia, usiguse swichi ya stima, hata kuizima. Zima moto wowote, funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha tokeni nyote. Simu ipigwe mkiwa nje.