Mizinga 20 Bila Mafunzo: Hela Ilienda Wapi?

Ndugu zetu, mwezi huu tumeletewa hesabu na dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat. Alituma kwao Sikonge, mkoani Tabora, hela ya mizinga 20 ya kisasa. Fundi seremala akalipwa, picha zikaja kwenye simu, mizinga imependeza kweli. Msimu wa kurina ulipofika akaambiwa imepatikana ndoo moja na nusu, na nyuki wamehama. Akajua kaka yake kamla. Tulipopitia risiti moja moja hatukuona wizi. Tulichoona ni kwamba kwenye matumizi yote hakukuwa na hata shilingi mia ya mafunzo.

Mzinga wa aina ile una vipande vya mbao vinavyopangwa juu, na kila kipande kinatakiwa kubeba sega moja. Kwa nyuki wetu wa Afrika upana wake ni milimita 32. Fundi hakuambiwa, akapasua mbao kwa kukadiria. Nyuki nao wakajenga masega ya kukatiza, kutoka mbao hii hadi ile. Hapo ukiinua moja unavunja manne, asali inamwagikia majana, nyuki wanachachamaa, na vijana kwa hofu wakatumia moto badala ya moshi. Nani angebaki?

Tusiwadharau wazee wa Tabora. Wamerina asali vizazi na vizazi, na habari za miti na maua wanazijua kuliko mtaalamu yeyote wa kutoka mjini. Ila mzinga wa gome unataka mti mkubwa ubanduliwe, na mti ule hufa, maua yake nayo yamekwenda. Mafunzo mazuri huanzia kwenye wanachojua, kisha huongeza: rina sega lililofunikwa nta tu, kwa sababu lisilofunikwa lina maji mengi na asali yake huchacha. Majana usiguse. Waachie nyuki masega kadhaa ya chakula chao. Nta usitupe, nayo ina soko. Waya za kutundikia zipakwe grisi, sisimizi wasipande.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano tu, bei za kwenu ulizeni wenyewe. Una milioni 2, mzinga ni laki moja. Wengi wananunua 20, hela imeisha. Sisi tungenunua 8, yaani laki 8. Laki 6 nauli, chakula na ada ya mafunzo kwa watu wawili. Laki 3 na nusu mavazi ya kurinia na bomba la moshi. Laki 2 na nusu inabaki kwa ukaguzi na matengenezo. Na mzinga unaweza kukaa miezi bila kuingia nyuki, kwa hiyo ada ya mtoto isitegemee asali mwaka wa kwanza.

Tabora mjini kuna chuo cha ufugaji nyuki, na kwenye halmashauri aulizwe afisa nyuki. Wafundishwe watu wawili, si mmoja, na wawe wa pale pale kijijini. Binamu anayesubiri viza ya kuja huku muacheni asubiri viza yake.

Halafu acheni kuomba picha ya mzinga kwa nje. Ombeni picha ya mbao moja ikiwa imeinuliwa. Sega likining'inia limenyooka peke yake, mambo yanakwenda. Likija limeshikana na jirani yake, msitume hela ya mizinga mingine.

Dada yetu hakununua mipya. Alilipia kaka yake na shangazi mafunzo, mbao zikapasuliwa upya kwa kipimo. Juzi ametuambia mizinga 7 imeingia nyuki. Kaka yake wanaongea tena.