Maiki Yako ni Sikio la Mwenzako

Bomu limetegwa na zimebaki sekunde 15. Wachezaji wanne wa timu wameshakufa. Amebaki mmoja, na mahali fulani karibu yake kuna adui mmoja asiyejulikana aliko. Kulitegua bomu bila kifaa huchukua sekunde 10, kwa hiyo ana sekunde 5 tu za kumtafuta huyo adui. Anachohitaji ni masikio: hatua moja juu ya bati, mlio wa magazini ikichomolewa, na atajua ageukie wapi. Badala yake anasikia sauti nne kwa mpigo. Mmoja anamwambia aende kushoto, wa pili anamwita mpumbavu, wa tatu anacheka, wa nne anagombana na wa kwanza. Adui anakuja kwa nyuma, hatua zake zimemezwa na kelele. Raundi imepotea.

Nimekaa nyuma ya vijana kwenye vyumba vya gemu nikaliona jambo hilo mara nyingi, na karibu kila mara anayelaumiwa ni yule aliyebaki hai. Wale wanne hawajui kwamba wao ndio waliomuua. Matusi na makelele kwenye gemu za risasi huzungumzwa sana kama suala la malezi, na ni kweli ni suala la malezi, lakini mchezaji anayetaka kupanda daraja anapaswa kulijua na hili: mdomo usiotulia hupoteza mechi.

Natumia mfano wa Counter-Strike kwa sababu ndiyo iliyoweka njia ambayo gemu nyingi za aina hii zimeifuata. Ilianza mwaka 1999 kama nyongeza ya gemu ya Half-Life, ikatengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka uliofuata kampuni ya Valve ikaichukua na kuiuza. Toleo la sasa, Counter-Strike 2, lilitoka Septemba 2023. Huku kwetu wengi hucheza kwenye simu, yaani PUBG Mobile, Free Fire au Call of Duty: Mobile, lakini tabia za watu ni zile zile na dawa zake hazitofautiani sana.

Kwa nini watu huwaka hivi? Tazama gemu ilivyojengwa. Timu mbili za watu watano watano, na kila mtu ana uhai mmoja kwa raundi. Ukifa, unabaki kuwatazama wenzako mpaka raundi iishe. Mkono hauna kazi tena, kilichobaki ni mdomo. Na marehemu huyu anaona kila kosa la aliye hai, huku akiwa ametulia, bila bunduki yoyote kuelekezwa kwake. Ni rahisi sana kuwa fundi ukiwa umeshakufa.

Ongeza hapo kwamba huwezi kuondoka. Mshindi ni anayefikisha raundi 13 kwanza, jambo linaloweza kuchukua zaidi ya nusu saa, na anayekimbia mechi ya ushindani hufungiwa kucheza: dakika 30 kwa kosa la kwanza, kisha saa 2, kisha siku nzima, kisha wiki. Umefungiwa chumba kimoja na watu wanne usiowajua, na mwisho wa mechi namba ya daraja lako itapanda au kushuka. Hasira hupata pa kukaa.

Kuhusu namba hiyo, kuna jambo ambalo laiti kila mchezaji angelijua mapema. Madaraja ya gemu za ushindani yamejengwa juu ya wazo la Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyetengeneza mfumo wa kupima uwezo wa wachezaji wa sataranji. Shirikisho la sataranji duniani liliupokea mwaka 1970. Kazi ya mfumo wa aina hiyo ni kukutafutia wapinzani wa kiwango chako. Ukishinda sana, unapewa wagumu zaidi. Ukishindwa sana, unapewa wepesi. Kwa hiyo mfumo ukifanya kazi yake vizuri, utashindwa karibu nusu ya mechi zako maisha yako yote ya kucheza. Kushindwa si ushahidi kwamba umepangiwa wajinga.

Sasa tuje kwenye maiki. Taarifa nzuri ni fupi na ina vitu vitatu: wako wangapi, wako wapi, wana hali gani. “Wawili, mlango mkubwa, mmoja damu kidogo.” Kisha nyamaza. Ukifa, sema ulichokiona mara moja tu, halafu waachie masikio waliobaki. Akibaki mmoja peke yake, zima maiki kabisa mpaka akuulize. Timu inayozungumza Kiswahili ikubaliane majina ya sehemu za ramani kabla ya mechi kuanza, maana mmoja wa Mombasa akisema “ghorofani” na wa Lubumbashi akisema “juu” mkiwa na sehemu tatu za juu, mtapoteana. Na mkikutana na watu wa lugha nyingine, jifunzeni yale majina ya sehemu yanayotumika duniani kote, ni machache.

Usimkosoe mtu raundi ikiendelea. Kama kuna la kurekebisha, liseme katika zile sekunde za kununua silaha, na liseme kama mpango wa mbele: “Safari hii tukae wawili pale.” Aliyekosea anajua kwamba amekosea, skrini imeshamwambia.

Fedha za gemu nazo ni chanzo kikubwa cha ugomvi, na hapa wageni hukosea bila kujua. Kila mchezaji huanza na dola 800 za gemu. Bunduki ya AK-47 ni dola 2,700. Timu ikiwa haina kitu, kawaida ni kukaza mkanda wote pamoja raundi moja ili raundi inayofuata wanunue wote. Mtu mwenye hasira hununua peke yake, anakufa peke yake, halafu wenzake wanapokuwa na silaha nzuri yeye ana bastola. Kinyume chake, mchezaji mwenye akiba akimnunulia mwenzake bunduki na kumwekea miguuni, nimeona ugomvi wa nusu mechi ukiisha hapo hapo bila mtu kuomba radhi.

Ukitukanwa, fanya jambo moja kabla ya kujibu: mnyamazishe. Gemu zote hizi zina kitufe cha kumnyamazisha mchezaji mmoja, kwa kawaida kwenye orodha ya majina na alama. Kijana wetu anayeingia seva ya Johannesburg, Dubai au Ulaya atakutana na watu watakaocheka lafudhi yake au kutukana rangi yake. Akijibu, amepoteza umakini wake, na mara nyingi na yeye anaripotiwa. Akimnyamazisha yule mtu, akacheza, kisha akamripoti kwa kuchagua kosa halisi kwenye orodha, amefanya kila kilicho ndani ya uwezo wake.

Wapo wanaosema kunyamazisha hakubadilishi kitu. Hapo sikubaliani nao. Kampuni ya Riot Games iliwahi kufanya jaribio kwenye League of Legends, gemu ambayo si ya risasi lakini inajulikana kwa ugomvi wa namna hiyo hiyo. Mazungumzo kati ya timu pinzani yalizimwa tangu mwanzo, na aliyeyataka alilazimika kuyawasha mwenyewe. Maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, huku watu wakiendelea kuzungumza karibu kama kawaida. Kitufe kimoja tu, kilichomlazimisha mtu afikiri sekunde chache kabla ya kufungua mdomo.

Gemu za risasi zimejaribu njia zake. Ubisoft, kwenye Rainbow Six Siege, waliweka utaratibu wa kumrudishia mchezaji risasi zake anapowapiga wa timu yake kwa makusudi: anampiga mwenzake, damu inamtoka yeye. Call of Duty ilianza mwaka 2023 kutumia programu ya ToxMod inayosikiliza mazungumzo ya sauti na kuwapelekea wasimamizi yale yanayovunja kanuni. Anayedhani kwamba maneno ya kwenye maiki hupotea hewani ajue mambo yamebadilika.

Tuje kwenye uchiti, kwa sababu hakuna neno linalotumika ovyo kama “wewe unachiti”. Machiti wapo kweli. Kuna programu zinazolenga kichwa zenyewe na nyingine zinazoonyesha adui nyuma ya ukuta. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike mjini Shanghai, mchezaji wa timu ya India alikamatwa jukwaani akiwa na programu ya kulenga aliyoificha kwa jina la word.exe. Timu yake ilivunjwa na yeye akafungiwa miaka mitano. Kwa mchezaji wa kawaida, mfumo wa Valve wa kunasa machiti, VAC, ambao umekuwepo tangu mwaka 2002, hutoa adhabu ya kudumu isiyo na rufaa ya huruma. Kwa sababu hiyo usiazimishe akaunti yako hata kwa rafiki, na ukicheza kwenye kompyuta ya kukodi hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Akichiti mwingine, jina lililofungiwa ni lako.

Lakini tuhuma nyingi ni za uongo, na kwetu zinasababishwa zaidi na umbali. Pingi ni muda ambao taarifa huchukua kwenda kwenye seva na kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde. Ukicheza Dar es Salaam kwenye seva ya Ulaya, unachokiona ni cha zamani kidogo. Kwenye skrini yako umeshajificha nyuma ya ukuta. Kwa adui aliye karibu na seva, bega lako bado liko nje, na risasi yake ni halali. Wewe unaona umepigwa kupitia ukuta. Unamwita chiti, na yeye naye anashangaa wewe unavyotokea ghafla kama jini. Chagua seva ya karibu zaidi, tumia waya badala ya Wi-Fi kama upo, na kabla ya kumtuhumu mtu tazama marudio ya mechi kwa jicho lake. Mara nyingi utakuta alikusikia ukikimbia.

Kuna pia mafundi wanaofungua akaunti mpya ili wacheze na wanaoanza. Huo ni uonevu, na ni sababu mojawapo ya wageni kuacha gemu wiki ya kwanza.

Jambo zito zaidi ni pale ugomvi unapotoka kwenye skrini. Desemba 2017, wachezaji wawili wa Call of Duty waligombana kwa dau la dola 1.50. Mmoja akamtumia mtu mwingine apige simu ya uongo polisi, akidai kuna mauaji kwenye nyumba ya mjini Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, ambayo mpinzani alikuwa ametoa anwani yake. Anwani ilikuwa ya zamani. Polisi walimpiga risasi na kumuua mtu aliyefungua mlango, kijana wa miaka 28 ambaye hakuwa hata mchezaji wa mechi ile. Aliyepiga simu alihukumiwa miaka 20 jela. Usimpe mtu wa mtandaoni jina lako kamili, mtaa, shule wala namba ya simu, hata akiwa amekuwa rafiki wa miezi sita. Na usicheze kwa dau.

Kwa kiwango kidogo zaidi, wizi ni wa kila siku. Ujumbe unaosema “ipigie kura timu yangu” ukiwa na kiungo cha kuingiza neno la siri ni mtego wa kuiba akaunti, hata kama umetoka kwa rafiki, kwani huenda yake imeshaibwa. Akaunti ya kununua mtaani nayo mwenye asili anaweza kuirudisha kwa barua pepe yake, na fedha yako imekwenda.

Mzazi, vaa hedifoni za mwanao kwa mechi moja tu. Utajua mengi kuliko kwa kumhoji. Angalia na umri ulioandikwa: mfumo wa Ulaya wa PEGI uliipa Counter-Strike: Global Offensive, toleo lililotangulia la sasa, alama ya 18. Ukiamua kumruhusu, usichomoe waya katikati ya mechi. Muulize zimebaki raundi ngapi na umwambie hiyo ndiyo ya mwisho. Wapo wachezaji wanne wengine wanaomtegemea.

Na wasichana wanaocheza wana mzigo wa ziada, maana wengi hutukanwa pale tu sauti yao inaposikika, hivyo huzima maiki na timu inakosa taarifa zao. Riot walianzisha mwaka 2021 mashindano ya Game Changers ya gemu yao ya risasi, Valorant, kwa ajili ya wanawake na wengine wanaobaguliwa kwa jinsia, na mwaka uliofuata fainali za dunia zikachezwa Berlin. Ni hatua njema, lakini mechi za kila usiku hazina mwamuzi wala jukwaa. Akisikika binti kwenye timu yako na mtu akaanza, sema wewe: “Acha, tucheze.” Maneno mawili hayo yana uzito zaidi yakitoka kwa mwenzake kuliko yakitoka kwake.

Kabla hujaingia mechi ijayo, fungua mipangilio, tafuta kitufe cha kunyamazisha na kile cha kuripoti, na uviweke mahali ambapo kidole chako kinavifikia bila kutafuta.