Dondoo muhimu: Kinga (baiskeli) kwenye miteremko ya Bukavu

Anza na breki. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bukavu imekaa juu ya vilima vinavyolishukia, kwa hiyo kila njia inayokupeleka ufukweni itakudai jasho wakati wa kurudi. Kwenye mteremko usibane breki ya mbele peke yake. Gawa nguvu kwa zote mbili, sogeza makalio nyuma ya kiti, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake.

Udongo wetu mwekundu ni mtamu mwezi wa Julai. Mvua zikirudi Septemba hugeuka sabuni, na ni hivyo hadi Mei. Basi toa upepo kidogo tairi zishike, na ukifika nyumbani osha mnyororo, ukaushe, uutie mafuta.

Pa kuanzia ni rasi za Muhumba na La Botte, alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka. Ukikutana na mama mwenye mzigo mgongoni, njia ni yake: shuka, msalimie, apite. Kengele ni utovu wa adabu.

Usiende peke yako. Hali ya usalama iulizie asubuhi hiyohiyo. Habari za jana hazitoshi.

Mwenye mapafu, na hati za kuvuka mpaka, ana Congo Nile Trail ng'ambo ya mto Ruzizi: kilomita 227 kati ya Rusizi na Rubavu. Abebe tyubu mbili.